Mwendo wa Mwanafunzi

Jumatatu, 3 Februari

Ramani mpya zimebandikwa leo kwenye ukuta wa halmashauri. Nilikuwa na mwanafunzi wangu wa udereva wa asubuhi, yule mshonaji, anayekanyaga klachi kama anakanyaga cherehani. Nikamwambia aegeshe. Akaegesha — nusu barabarani, nusu mtaroni, lakini akaegesha.

Watu walijazana pale kama siku ya matokeo ya mtihani. Na kweli yalikuwa matokeo. Tumefeli wote.

Jimbo letu halipo tena. Limekatwa vipande vitatu, na kila kipande kimeunganishwa na jimbo ambalo chama tawala hushinda hata kikisimamisha jiwe. Na huo mstari wenyewe! Unashuka barabara ya soko, unazunguka nyuma ya shule, unaruka reli, unarudi ulikotoka kama mlevi aliyesahau kofia. Mtaa wetu umepasuliwa katikati ya lami. Mimi huku, jirani yangu wa mbele kule. Mbunge wangu sasa atatoka ng'ambo ya milima, mahali nisipojua hata soko lake liko wapi.

Wakili wetu, mbunge tuliyemchagua mara mbili, hawakumgusa hata unywele. Wamemwondolea watu tu. Basi.

Mshonaji akaangalia mstari, akaangalia tena. Akasema, Mama Breki — ndivyo wanafunzi wanavyoniita — mshono kama huu mteja angenirudishia nguo usoni.

Nikacheka. Lakini hamu ya kufundisha ilikuwa imeniishia. Somo tukaliahirisha.


Jumatano, 5 Februari

Mzee, mume wangu, aliniomba nimweleze ramani ilivyo. Tangu astaafu reli macho yake yamekuwa ya kubahatisha. Nikamchovyea kidole kwenye chai, nikamchorea juu ya meza: sisi hapa, soko hapa, mstari huu. Akapitisha kiganja chake polepole juu ya maji yale.

Akasema: Walichoka kuiba kura. Sasa wanaiba wapiga kura.

Hayo ndiyo maneno yake ya wiki nzima. Alikwenda kulala na viatu.


Jumamosi, 8 Februari

Mkutano kwa kinyozi, mchana kweupe, mlango wazi. Wazo lake: anayefunga mlango ndiye anayetiliwa shaka. Kila mtu alikaa kama mteja anayesubiri zamu. Muuza vyuma chakavu ndiye aliyewekwa kwenye kiti, shuka shingoni, povu kidevuni, na kila mtu akipita nje kinyozi anamgusa shavu kwa wembe. Maskini, ametoka pale amenyolewa mara tatu.

Kinyozi si msomi wala si mwanasiasa. Ni mtu wa mdomo tu, na moyo. Alisema sheria inaturuhusu kupinga ramani kabla tume ya uchaguzi haijaketi kuipitisha. Basi tuipinge. Kila mtu aandike pingamizi lake, alipeleke mwenyewe, kwa miguu yake. Na jambo moja hataki kulirudia: hakuna kurusha kitu. Si jiwe, si chupa, hata ganda la chungwa. Mwenye mkono unaowasha akaukune kwao.

Muuza vyuma akauliza kutoka ndani ya povu: Na wao wakiturushia?

Kinyozi: Tutajipangusa.

Hakuna aliyecheka. Nilitaka mtu acheke.


Jumapili, 9 Februari

Binti yangu alikuja kula mchana na mumewe na mtoto. Mkwe wangu ni dereva wa Mkuu wa wilaya. Nilimfundisha mwenyewe kuendesha, na wakati namfundisha, binti yangu alikuwa akikaa kiti cha nyuma, eti ananisindikiza kazini! Nilijua. Mama gani asijue? Kijana mzuri. Hakai mpaka nikae. Hanitazami usoni tukizungumza, na miaka yote hii hajawahi kuinua sauti mbele yangu.

Leo baada ya kula alisimama bombani uani, ananawa mikono iliyokwisha takata. Nikapita na sufuria. Akaliambia bomba: "Siku hizi hata viti vya vinyozi vina masikio."

Nikasema ndiyo, baba, nimesikia.

Akafunga bomba. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe wake anyamaze. Kwa hiyo ameliambia bomba.


Alhamisi, 13 Februari

Tumekwenda tume na mapingamizi yetu. Mlinzi: mtandao uko chini, njooni kesho. Tukamwambia haya ni makaratasi, hayahitaji mtandao. Akasema hata makaratasi yanaingizwa kwenye mtandao. Jana walituambia ofisa yuko msibani. Juzi walikuwa wanapiga dawa ya mende.

Tulisimama juani mpaka saa saba. Kinyozi amevaa suti ya harusi yake, imembana mabegani. Mshonaji alikuwa akiipima kwa macho.

Gari la Mkuu likapita, vioo vyeusi, ila cha mbele kilikuwa wazi. Mkwe wangu kwenye usukani. Macho mbele. Mimi nikatazama viatu vyangu ili asilazimike kuchagua. Amenipita kama anayepita nguzo ya umeme.

Nilimfundisha mwenyewe: ukiendesha, usiyumbishwe na kilichoko pembeni.


Jumatatu, 17 Februari

Kibali cha maandamano kimekataliwa. Sababu za kiusalama. Usalama wa nani hawakuandika.

Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha wateja akijitazama kwenye kioo. Akasema, Mama Breki, wiki ijayo tume inaketi ukumbini kusikiliza maoni ya wananchi, na wananchi wenyewe wameshateuliwa. Wamepewa na fulana. Sisi tutafanya nini? Tutabaki nyumbani tunasikiliza redio?

Nikaenda kufundisha.

Sasa — mshonaji akazimisha gari kwenye mzunguko mkubwa. Akawasha, likazima. Akawasha, likaruka kama chura, likazima. Foleni nyuma yetu mpaka benki. Trafiki akaja amefura. Akaona ile L nyekundu ya mwanafunzi nyuma ya gari. Akasimama. Akakuna kichwa. Akasema, haya mama, taratibu tu.

Taratibu tu!

Nilimwacha mshonaji palepale barabarani na gari lisilowaka, nikarudi kwa kinyozi kwa miguu, nikafika pumzi sina. Nikamwambia: Tusiandamane. Tujifunze.

Hakunielewa. Nikamweleza. Kila mwenye gari aweke L. Mwenye leseni amkalishe asiye na leseni kwenye usukani, amfundishe, kama sheria inavyosema. Barabara ya halmashauri mpaka ukumbini na kurudi. Mwendo wa mwanafunzi. Kila makutano simama, tazama kulia, kushoto, kulia tena. Hakuna honi. Hakuna bango. Hakuna neno. Na upande mmoja uachwe wazi siku nzima kwa gari la wagonjwa — hilo ndilo la kwanza, si la mwisho.

Kinyozi aliikunja shuka ya kunyolea, akaikunjua. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza ya mikasi.


Jumatano, 19 Februari

Mshonaji anakata L za kitambaa chekundu. Mzee anazipiga pasi, kwa kupapasa. Ameunguza moja na kidole kimoja, lakini hataki kuachishwa kazi.

Binti yangu kapiga simu.

"Mama, ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Usinifanye mtoto. Baba wa mwanangu anakula kwa huyo Mkuu."

Nikamwambia kila mtu anakula kwa mtu. Nikajua nimekosea kabla sijamaliza sentensi. Nikamsikia mtoto akiuliza ni bibi? Akamjibu hapana, wamekosea namba.


Jumatatu, 24 Februari

Naandika mkono bado una ganzi kwa kushika kiti.

Walikuja. Mungu wangu, walikuja! Nilitarajia magari kumi. Yalikuwa kama sitini, na pikipiki, na lori la vyuma chakavu, na mzee mmoja na mkokoteni wake, kaufungia L nyuma, anasimama kila makutano na kutazama kulia na kushoto kwa makini kuliko wote. Kina mama wasiowahi kugusa usukani. Daktari wa meno yuko kiti cha pembeni, mfagizi wake ndiye anayeendesha. Mji mzima ulikuwa unasonga kwa mwendo wa kinyonga na hakuna aliyesema neno. Sijawahi kusikia mji ukiwa kimya namna ile. Unasikia indiketa tu. Tik, tik, tik.

Mimi nilikuwa na mshonaji kwenye usukani. Hakuzimisha hata mara moja. Siku moja tu niliyotaka azimishe!

Polisi walisimama kandokando ya barabara. Virungu vipo, amri haipo. Wamwamrishe mtu nini? Asiyeendesha vibaya hana kosa. Mmoja wao nilimfelisha mara mbili kwenye kurudi nyuma. Akanipungia kidogo, kwa kidole kimoja, mkono ukiwa chini.

Kisha nikaona kwenye kioo gari jeusi. Nyuma yetu kabisa. Mkwe wangu.

Mkuu alikuwa kiti cha nyuma, ameinama mbele mpaka kichwa chake kiko kando ya sikio la dereva. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika. Nilijua anachosema. Piga honi. Pita. Wapite hao! Upande wa pili ulikuwa wazi, ule tuliouacha kwa ajili ya wagonjwa. Mkwe hakuuingia. Mikono yake miwili kwenye usukani, pale pale nilipomfundisha kuiweka. Uso wake sikuweza kuusoma. Mkuu akanyoosha mkono juu ya bega lake akabonyeza honi mwenyewe. Ndefu, ndefu! Mshonaji akaanza kulia lakini mguu wake haukuyumba.

Kisha gari jeusi likasimama. Limezima. Mkwe akashuka, akafungua boneti, akainama kutazama injini.

Gari jipya. Halijafikisha hata mwaka.

Mkuu akashuka. Akatembea mpaka ukumbini kwa miguu, juani, viatu vyake vya ngozi kwenye vumbi, walinzi wawili nyuma. Amepita pembeni ya magari yetu yote, moja baada ya jingine. Hakuna aliyemzomea. Hakuna aliyecheka. Mimi nilijiuma ulimi mpaka damu.

Mkwe alikuwa bado ameinamia ile injini nzima.


Jumanne, 25 Februari

Kinyozi amechukuliwa asubuhi. Gari lisilo na namba. Alikuwa na mteja kitini. Wamemwacha mteja amenyolewa nusu kichwa. Mke wake amezunguka vituo vyote. Kila kituo hakimjui.

Kwangu wamekuja saa nne. Ukaguzi wa shule za udereva — shule moja tu ndiyo iliyokaguliwa. Wamechukua leseni yangu na kibali cha kufundishia. Ofisa alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alipokea leseni kwa mikono miwili, kama anapokea zawadi. Akasema shikamoo wakati wa kuondoka. Nikaitika. Adabu haina chama.

Mkwe hajarudi nyumbani tangu jana.


Jumatano, 26 Februari

Siku nzima kwenye benchi la kituo cha polisi. Mkwe hayupo, wanasema. Lakini chakula tulichompelekea wamekipokea, na bakuli limerudi tupu.

Binti yangu hakunisalimu. Aliuliza swali moja tu.

"Umefurahi?"

Mjukuu alikuwa amelala mapajani mwangu, kichwa kwangu, miguu kwa mama yake. Ndiyo sababu binti yangu hakuhama benchi.


Jumamosi, 1 Machi

Redio: tume imeipitisha ramani bila mabadiliko. Hakuna pingamizi lililopokelewa kutoka kwa mwananchi yeyote.

Hawakusema uongo. Hawakupokea hata moja.

Wakili wetu ametoa taarifa, atakwenda mahakamani. Majaji wanateuliwa na nani? Lakini aende. Lazima mtu aende.

Tulikutana kwa mshonaji. Tulikuwa tisa, nikijihesabu. Nikiwa njiani kurudi nimeona L imetupwa jalalani, imekunjwa vizuri. Simlaumu aliyeitupa. Ameikunja.

Sisi tisa tumekubaliana mambo mawili. Kila siku mtu mmoja aende kuuliza kinyozi yuko wapi, kwa upole, kila siku mtu mwingine. Na kiti chake kisihamishwe. Muuza vyuma amejitolea kufagia kibanda. Kesho ni zamu yangu kuuliza.


Jumapili, 2 Machi

Nimeuliza. Hayupo, hajulikani, mama nenda nyumbani.

Mzee alinisindikiza ameshika kiwiko changu. Watu wakadhani namwongoza yeye.


Jumatano, 5 Machi

Mkwe amerudi.

Alishushwa mwanzo wa mtaa akatembea. Binti yangu alikuwa hapa, alikuja kumwacha mtoto ili arudi kituoni. Alipomwona mlangoni hakupiga kelele. Alimshika uso kwa mikono miwili, akawa anautazama kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Amekonda. Anachechemea. Kucha ya kidole gumba haipo.

Nikampakulia. Akakaa kabla sijakaa — mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu. Akala vijiko viwili. Akaweka kijiko chini.

"Mama, nimesaini."

Nikamwambia, kula kwanza.

"Nimesaini kwamba ulinituma niharibu gari. Kwamba kinyozi alipokea pesa kutoka nje na wewe ndiye uliyezigawa. Wameandika wao. Mimi nimesaini."

"Kula, baba."

Akala. Machozi yanaingia kwenye sahani na yeye anakula. Jikoni binti yangu alifungua bomba mpaka mwisho ili tusimsikie. Mzee akanyoosha mkono juu ya meza, ukatafuta, ukaupata mkono wake, ukatulia hapo.

Na mimi? Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma. Nilitoka uani nikalipiga teke gurudumu la gari langu, mara tatu, nne. Nilimchukia. Kwa muda ule wote niliokuwa nje nilimchukia mtoto yule, na kucha yake, na adabu zake. Nikajiuliza kinyozi yuko wapi saa hii, na kama amesaini, na kama hakusaini wamemfanya nini. Kisha nikarudi ndani nikamwongezea mchuzi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mtu aliyeloa utamwacha aloe?


Alhamisi, 6 Machi

Wito umekuja. Kesho saa mbili asubuhi, nifike kituoni mwenyewe. Uchochezi. Kuzuia barabara. Na lile la pesa za nje.

Nimefunga mfuko. Dawa za presha, kanga, mswaki. Mzee akauliza kama nimeweka sweta. Nimeweka. Akasema weka mawili, moja la kinyozi. Huko ndani huenda mkakutana.

Mshonaji anapitisha habari mlango kwa mlango: mwenye gari aje kituoni kesho, na L yake. Nimemwambia asimlazimishe mtu. Akasema, Mama Breki, nani amewahi kumlazimisha mtu kwenda polepole?

Binti yangu amelala hapa leo, na mumewe. Hatujazungumza, mimi na yeye. Lakini jioni alikuja akaketi sakafuni mbele ya kitanda changu, akanikata kucha za miguu, zote, kimyakimya, kama alivyokuwa akifanya nilipovunjika mguu. Akaondoka na mkasi.


Ijumaa, 7 Machi

Naandika ndani ya gari. Mimi niko kiti cha pembeni — sina leseni. Mkwe ndiye anayeendesha. Asubuhi nilimkuta tayari ameshaliwasha, amefuta vioo. Nikamwambia nitapanda pikipiki. Akasema hapana mama, nitakupeleka mwenyewe. Kwa mara ya kwanza amenikatalia jambo.

Anaendesha vizuri. Hata na kidole kile.

Tumeegesha mbele ya kituo, upande wa pili wa barabara. Ni mapema kidogo. Askari wawili wanakunywa chai ngazini. Barabara tupu.

La, si tupu. Kuna lori la vyuma chakavu linakuja taratibu, L mbele na nyuma. Nyuma yake gari la shemeji yake mshonaji, na mshonaji mwenyewe kwenye usukani, ameukumbatia. Nyuma yao gari jeupe, silijui ni la nani. Basi. Nimesubiri kama kuna jingine nyuma ya kona. Tulikuwa sitini.

Wamesimama kwenye makutano. Kulia, kushoto, kulia tena. Askari mmoja ameweka kikombe chini, amesimama.

Mkwe amezima injini. Anasema anaingia nami. Atawaambia waliandika wao, na jinsi alivyosaini.

Nimemwambia, hutatoka humo. Wewe una mtoto.

Amenitazama. Machoni hasa, jambo ambalo hajawahi.

"Na wewe una mtoto, mama. Ni mke wangu."

Ameshuka, amezunguka mbele ya gari anachechemea, sasa amesimama upande wangu, mkono kwenye kitasa. Hafungui. Anasubiri nimalize kuandika